Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nguo zinasema nini katika picha za kale za Zanzibar na mwambao

Watu wakishajua kwamba unapenda picha za kale, kila mmoja huja na yake, siku hizi kwenye simu. Babu kavaa joho, bibi kakaa kitini na mkufu shingoni, na swali ni lile lile: huyu alikuwa nani hasa? Haya hapa ni maswali yanayorudi kila mara. Nimejifunga na Zanzibar na mwambao, tangu miaka ya 1840 hadi Mapinduzi ya 1964, na nimetoka nje pale tu nguo yenyewe ilipotoka.

Kwa nini nianze na nguo, nisianze na sura?

Sura mtu kazaliwa nayo, nguo imechaguliwa. Zamani hizo picha ya ghafla ilikuwa nadra. Mtu alikwenda kwa mpiga picha kama aendavyo harusini: kaoga, kajifukiza udi, kaazima alichokosa. Kila unachokiona, tangu kofia hadi viatu, kimewekwa ili kionwe. Kwa hiyo nguo pichani ni dai. Mtu anasema "mimi ni huyu", na kazi yako ni kujua kama anajisemea au kasemewa. Kabla ya jingine lolote mimi huuliza mawili: nguo hii ni ya nani, na ni nani aliyetaka ivaliwe?

Babu yangu kavaa joho, kilemba na jambia. Je, tulikuwa watu wa Sultani?

Hili ndilo linaloongoza, na jibu langu huwaudhi watu. Inawezekana. Lakini uliza kwanza kama siku ile ilikuwa harusi yake. Kutoka Lamu hadi Unguja bwana harusi huvishwa joho, kilemba na jambia au upanga, hata kama kesho yake anarudi kwenye ngalawa. Ni mfalme wa siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyostahili kulipiwa picha.

Tazama kiunoni. Jambia la Saidi, lililopewa jina la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, hujulikana kwa pete zake saba na fedha iliyofunika mpini, na mengi mengine yana pete nne. Jambia hukaa katikati ya tumbo, limeshikwa na mshipi au deuli ya hariri. Likining'inia ubavuni kama kisu cha mchinjaji, mimi hushuku kwamba aliyelivaa alilipokea mlangoni mwa studio. Tazama na joho: mabega yake yamemkaa, au limemmeza? Mikono inafika kwenye vidole?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mbele ya kamera ilisitiri, maana ilitakiwa kusitiri kwa sekunde chache tu.

Si wanaume Waislamu wamekatazwa hariri na dhahabu?

Ndiyo, na ndiyo maana ving'aravyo vingi unavyoviona viko pembezoni: zari kwenye ukingo wa joho, nakshi shingoni, fedha kwenye jambia. Hadithi inaruhusu hariri kwa upana wa vidole vinne hivi. Kama ukingo wa joho la masultani haukuzidi vidole vinne, hilo waachie mashehe.

Kilemba kinasomwaje?

Kwa Kiswahili kilemba si kitambaa tu. Fundi akimaliza kumfunza mwanagenzi hupewa kilemba chake. Mjomba wa bibi harusi naye ana kilemba chake siku ya posa. Mtu anayesifiwa uongo kavishwa kilemba cha ukoka. Katika miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoielekea Unguja, jumbe, mkuu wa mji, alipotawazwa alivishwa kilemba mbele ya watu, na mji mzima ukala karamu yake. Kwa hiyo ukikiona pichani usikichukulie kama kofia ya jua.

Masultani wa Zanzibar walikuwa na chao, kilemba cha milia ya rangi cha nasaba ya Al Busaid, na hadi leo kule Oman aina hiyo ni ya watu wa nasaba hiyo. Picha ninazopenda kuwaonyesha watu ni za Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza kwa mwaliko, akapigwa picha London pamoja na msafara wake. Fikiri ni watawala gani wengine wa Kiislamu waliokuwa wakipigwa picha miaka ile. Istanbul kilemba kilikuwa kimeondolewa vichwani mwa maofisa tangu 1829 kwa amri ya Sultan Mahmud II, tarbushi likachukua mahali pake. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alipiga picha kwa koti la Kizungu na tarbushi. Barghash alikaa mbele ya kamera ile ile ya Kizungu na kilemba chake, joho lake na jambia lake.

Miaka miwili kabla, mwezi Juni 1873, alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa huku akitishiwa kuzingirwa na manowari. Mimi nazisoma picha za London hivi: mtu aliyekubalishwa mambo mezani hakukubali kubadilishwa kichwani. Wengine wanasema alivaa tu alichozoea. Huenda, lakini mtu anayevaa alichozoea hachukui saa nzima kupanga mikunjo ya joho.

Kuna picha za kuchorwa, au ni za kamera tu?

Zipo, chache, na mbili zinahusiana kwa namna ya ajabu. Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, alichorwa na ofisa wa majini wa Kiingereza, Luteni Henry Blosse Lynch. Picha hiyo imehifadhiwa Peabody Essex Museum mjini Salem, Massachusetts. Halafu yuko Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Said, aliyefika New York na merikebu *Sultana* tarehe 30 Aprili 1840. Huko huko New York alichorwa na Edward Mooney katika mavazi yake ya Kiarabu, kilemba kichwani, katika mji ambao umati wa watu ulijaa gatini kuwatazama mabaharia wake.

Kwa nini Salem? Kwa sababu wafanyabiashara wa mji ule ndio waliokuwa wakileta Unguja kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho hata jina lake linasema kilikotoka: merikani. Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, meli zikaja na majora, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Basi mtawala anaonekana ukutani Salem katika fahari yake, na nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya upande ule wa Marekani ndiyo waliyojifunga watumwa katika mashamba yake ya karafuu. Watumwa wenyewe hawakuchorwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, viwanda vya Bombay vikachukua soko, lakini jina la merikani likabaki.

Mbona baadhi ya watu pichani hawana viatu wala kofia?

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae chini.

Katika Zanzibar ya karne ya 19 miguu na kichwa vilikuwa na sheria zao, japo hazikuandikwa. Mtumwa hakutakiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Mavazi yake yalikuwa merikani, au kaniki, ile nguo nyepesi iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi: mwanamme kajifunga kiunoni, mwanamke chini ya makwapa. Muungwana alivaa kanzu, kofia iliyoshonwa kwa mkono, makubadhi ya ngozi, na kama ana uwezo akaongeza kizibao na joho juu. Ukimwona mtu njiani ulijua cheo chake kabla hajafungua kinywa kukupa salamu.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wakati wa Sultan Hamoud bin Mohammed, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo picha zinabadilika. Unaanza kumwona mwanamme wa makamo, mikono yake ni ya jembe, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia, na viatu. Viatu kavisogeza mbele kidogo ili vionekane. Wajukuu huniuliza kwa nini babu kakaa kikakamavu namna ile. Jibu huenda liko miguuni. Wanawake walioachwa huru walitupa kaniki wakachukua kanga, kisha buibui, nguo ambazo mabibi zao wa zamani wasingewaruhusu. Watu wa ukoo wa kiungwana walilalamika kwamba siku hizi huwezi kumjua nani ni nani. Na hilo ndilo walilokuwa wamelikusudia waliovaa.

Angalizo moja: si kila asiye na viatu alikuwa mtumwa. Mtu huvua viatu akikanyaga busati, na studio nyingi zilitandika busati. Tazama kama wengine waliomo pichani wamevaa. Mmoja peke yake akiwa miguu wazi kati ya watano wenye viatu, hapo pana habari.

Mwanamke huyu kajaa dhahabu. Lazima alikuwa tajiri?

Hapana. Mabwana na mabibi wakubwa waliwapamba watumishi wao, kwa sababu mtumishi aliyepambwa ni mali inayotembea. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, ameandika katika kumbukumbu zake jinsi watumwa wa nyumba ya kifalme walivyovalishwa vizuri. Mkufu shingoni mwa kijana aliyesimama nyuma ya kiti unakuonyesha utajiri wa aliyekaa mbele.

Halafu ziko postikadi. Studio za Wagoa mjini Unguja, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu Coutinho, ziliuza kwa wasafiri wa meli picha za wasichana waliopambwa, na chini yake maneno ya Kizungu yenye maana ya "mrembo wa Kiswahili" au "msichana wa Kiarabu". Jina la mtu halimo. Ukipanga kadi nyingi pamoja utaona vitambaa vile vile na kiti kile kile, na safari hii ni msichana mwingine. Mimi postikadi za namna hii sizitumii kama ushahidi wa mavazi ya kabila lolote. Ni ushahidi wa kabati la mpiga picha.

Picha ya Bibi Salme yenye mavazi ya Kizanzibari ilipigwa Unguja?

Watu wengi hudhani hivyo, nami nilidhani hivyo kwa miaka. Ilipigwa Hamburg.

Salme alizaliwa mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1867 alibatizwa Aden, akaolewa, akawa Emily Ruete. Hamburg mavazi yake ya kila siku yalikuwa ya Kijerumani, na ameandika jinsi yalivyomsumbua. Kisha siku moja akaenda studio na nguo za kwao: suruali ya marinda, kanzu fupi ya kitambaa kizito, kitambaa cha kichwa, mapambo.

Kwao, binti wa Sultani asingesimama hivyo mbele ya mwanamme wa kando. Angekuwa na barakoa usoni, ile ya asili yenye nakshi, si hii tuliyoizoea tangu corona. Basi picha inayotajwa kila mahali kuwa ni ya binti wa kifalme wa Zanzibar isingeweza kupigwa Zanzibar, na iliwezekana tu baada ya yeye kuacha kuwa hivyo. Nguo zilikuwa zake kweli, nchi haikuwa yake tena. Je, alivaa kwa hamu ya kwao, au kwa sababu watu wa Hamburg walitaka kuona? Mimi naona yote mawili yamo usoni mwake, lakini mtazame mwenyewe.

Wanawake wengine wa kiungwana wako wapi katika picha za karne ya 19?

Ndani. Picha zao zikipigwa zilikaa ndani pia, hazikutundikwa ukumbini. Nje walionekana kama kitambaa tu. Lamu kulikuwa na shiraa, kama hema dogo linaloshikiliwa kwa vijiti, bibi akitembea katikati. Walioshika vijiti walikuwa watumwa, kwa hiyo utumwa ulipokwisha shiraa nayo ikafa, haikuwa na wa kuibeba. Buibui likachukua nafasi yake, na buibui mtu hujivalia mwenyewe. Kwa hiyo ukioneshwa picha yenye buibui ukaambiwa ni ya enzi za Seyyid Said, usinunue.

Kanga inaweza kunisaidia kujua picha ni ya lini?

Sana. Kwanza palikuwa na leso, vitambaa vya mraba vilivyouzwa kwa jora, wanawake wakaviunga sita pamoja kupata nguo moja. Baadaye, katika karne ya 19, zikaanza kuja zilizochapwa nzima, na madoadoa yake yakawakumbusha watu kanga, yule ndege. Jina, yaani yale maandishi, lilianza mapema katika karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia sasa. Kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, yule tunayemjua kwa "Mali ya Abdulla", lilieneza sana mtindo huo.

Tumia kioo cha kukuza uone upindo wa chini. Ukiweza kusoma jina, lisome kama mlengwa: bibi aliyekwenda studio na kanga yenye fumbo alijua picha itapita mikononi mwa nani. Na kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kikitokea, uliza habari za harusi.

Rangi nitazijuaje wakati picha ni nyeusi na nyeupe?

Tahadhari, hapa wengi wanapotea. Dawa zilizopakwa kwenye vioo vya kamera vya karne ya 19 zilikuwa na jicho la buluu. Buluu ilitokea karibu nyeupe, nyekundu na manjano zikatokea giza. Kwa hiyo kilemba unachokiona cheupe huenda kilikuwa cha buluu, na kitambaa unachokiita cheusi cha msiba huenda kilikuwa chekundu cha sherehe.

Postikadi zenye rangi ndizo mbaya zaidi. Nyingi zilichapwa Ujerumani, na aliyetia rangi hakuwahi kuiona kanga. Na kama picha imepigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, kushoto na kulia vimegeuka, upanga utauona upande usio wake.

Tarbushi jekundu maana yake ni Mturuki?

Hapana. Wanafunzi walilivaa, makarani walilivaa na kanzu na koti, askari wa Mjerumani walilivaa likiwa na tai wa chuma mbele. Tazama kilicho chini ya shingo ndipo uamue.

Nina picha ya Buganda yenye watu wa kanzu. Ni Waarabu?

Mara nyingi si Waarabu, ni Waganda. Kanzu iliingia Buganda na wafanyabiashara kutoka Zanzibar katika miaka ya 1840, zama za Kabaka (mfalme wa Buganda) Ssuuna, wakati vazi la heshima huko lilikuwa la gome la mti uitwao mutuba. Msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alipofika kwa Kabaka Muteesa I mwaka 1875 alimkuta na tarbushi, joho jeusi na kanzu nyeupe iliyofungwa mkanda wa dhahabu, naye akampiga picha pamoja na wakuu wake. Mtazamaji wa haraka atasema Kabaka kamuiga Sultani. Mimi nasema Kabaka alikuwa akimwambia Sultani, na Misri iliyokuwa ikimsogelea kutoka kaskazini, kwamba wote wako daraja moja. Leo kanzu yenye nakshi nyekundu iliyoiva kifuani ni vazi la heshima la mwanamme wa Uganda, na kwenye harusi huko hakuna anayeitaja Zanzibar.

Mbona Sultan Khalifa kavaa nishani za Kizungu juu ya joho?

Kwa sababu alipewa na Waingereza, na asingeweza kuziacha kabatini. Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hadi 1960, chini ya himaya yao. Kilemba kinasema yeye ni nani, kifua kinasema nani anamlinda. Picha zake zote rasmi zinasomeka kwa kupandisha na kushusha macho.

Viongozi wa uhuru nao walicheza na mavazi?

Wote. Nitatoa mmoja. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake juu ya Wakikuyu, *Facing Mount Kenya*, na picha ya mbele inamwonyesha kajifunika ngozi za wanyama, mkononi mkuki, kidole kinajaribu ncha yake. Wakati huo alikuwa akiishi London, akisoma anthropolojia kwa Profesa Malinowski, na darasani alikwenda na suti. Msomaji wa Kizungu alitakiwa kuona mzee mwenye haki ya kusema juu ya ardhi ya watu wake. Kwa kazi ile suti isingefaa.

Nataka kuziona picha za namna hii. Niende wapi?

Unguja, kasri la Beit al-Sahel, pale Forodhani, limekuwa na picha za masultani na chumba cha habari za Bibi Salme; uliza kwanza kama liko wazi. Lamu, jumba la makumbusho. Lakini picha nyingi na nzuri ziko chini ya vitanda vya watu, ndani ya makopo ya biskuti.

Niandike nini nyuma ya picha ya familia?

Tumia penseli laini, si kalamu ya wino, na usikandamize. Andika jina kamili la kila aliyemo, hata yule aliyesimama pembeni nusu. Mwaka, kama unaujua. Mahali. Halafu andika nguo ni za nani, kwa kuwa hilo ndilo linalosahaulika mwanzo. Kwetu joho moja jeusi limetokea katika picha tatu za harusi, za wanaume watatu wa nyumba mbalimbali, na mwenye joho hayumo hata katika moja.